Duara katika Shamba la Ngano



Wapenzi wakatekumeni, mtu akiamka alfajiri, akafika shambani mwake na kukuta mimea imelazwa chini, hali mashamba ya jirani hayakuguswa, moyo wake hushtuka. Kabla jua halijapanda, jina la mtu limekwisha kutajwa. Mara nyingi ni jina la bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea, au la ndugu tuliyegombana naye mwaka uliopita. Hakuna aliyeinama kutazama udongo. Hakuna aliyetafuta nyayo. Walakini wote husema kwamba wanamjua mchawi.

Leo nataka kuwasimulia habari ya kweli iliyotokea katika nchi ya Uingereza, mikoa ya Hampshire na Wiltshire, ambako wakulima hupanda ngano katika mashamba makubwa. Ninyi wa milima ya Kivu mnaijua ngano kwa macho. Wengine mnaijua kwa Evanjili na kwa Ekaristia. Sikilizeni vizuri.

Tangu mwaka 1980 hivi, wakulima wa mikoa hiyo walianza kuona jambo la ajabu. Walikuta katikati ya ngano mahali palipolala kwa duara kamili, kana kwamba sahani kubwa mno imewekwa pale usiku kisha ikaondolewa. Mabua yalikuwa yameinama yote upande mmoja, yakizunguka, wala hayakuvunjika. Asubuhi nyingine maduara yalikuwa mawili au matatu, na miaka ilipopita yakawa na mistari na mapambo, kama mkeka uliosukwa na fundi.

Watu wakaja kutoka mbali. Waliikanyaga ngano ya wenyewe, na wakulima wengine wakatoza fedha mlangoni. Wenye elimu nao wakagawanyika. Mmoja alisema ni kisulisuli, upepo ule uzungukao. Wengine walisema ni vyombo vya viumbe wanaokaa katika nyota. Wengine walisema ni nguvu zisizojulikana, ziletazo ujumbe kwa wanadamu. Vitabu vikaandikwa, vikauzwa sana.

Mwezi wa Julai mwaka 1990 wachunguzi walipanda mlima huko Wiltshire, wakalinda mashamba usiku na mchana kwa vyombo vya kupigia picha. Asubuhi moja walitangaza kwa furaha kwamba maduara yametokea mbele ya macho yao. Waliposhuka kuyatazama, walikuta katikati ya kila duara kibao cha mchezo na msalaba wa mti. Mtu alikuwa amewafanyia mzaha.

Basi, mwezi wa Septemba mwaka 1991, wazee wawili wa mji wa Southampton walikwenda kwa gazeti moja la London na kusema: sisi ndio tuliofanya. Majina yao yalikuwa Doug Bower na Dave Chorley, na umri wao ulipita miaka 60. Walieleza kwamba walianza mwaka 1978. Bwana Bower aliwahi kukaa Australia, akakumbuka habari ya mwaka 1966, wakati mkulima mmoja wa huko alipokuta matete yamelala kwa duara katika maji, na watu wakasema ni alama ya chombo kilichoshuka kutoka mbinguni. Akamwambia rafiki yake kwamba wao nao waweza kufanya kama hayo, wapate kucheka.

Nao walitumia vyombo gani? Ubao na kamba! Kamba ilifungwa huku na huku katika ncha za ubao. Mtu aliishika kwa mikono, akaukanyaga ubao kwa mguu, akasonga mbele hatua kwa hatua, na ngano ikalala mbele yake. Ili mistari yao inyoke gizani, walifunga pete ya waya katika kofia, wakaitazamia alama ya mbali. Ngano ikiwa bado mbichi huinama bila kuvunjika; haihitaji nguvu ya nyota.

Wengine hawakusadiki. Kwa hiyo wazee walitengeneza duara jingine, waandishi wa gazeti wakijua. Mchunguzi mmoja mashuhuri aliitwa, akalitazama, akasema kwamba mwanadamu hawezi kulifanya. Alipoambiwa ukweli, alikiri wazi kwamba amedanganywa. Tumheshimu kwa neno hilo, maana kukiri kosa mbele ya watu wote ni kazi ngumu.

Je, uongo ulikoma siku ile? La. Wengine walikuwa wamekwisha kujifunza ufundi huo. Mwaka 2001, juu ya Milk Hill huko Wiltshire, lilionekana pambo moja lenye maduara 409. Na wako watu ambao hata baada ya kuonyeshwa ubao na kamba walipenda kuendelea kuamini nyota. Mbegu ya uongo, aliyeipanda haimngoji ruhusa yake ili iote.

Wapenzi wakatekumeni, Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa mchunguzi mwema. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 14, tunasoma habari ya sanamu Beli wa Babiloni. Kila siku aliwekewa unga, kondoo na divai, na kila asubuhi vyote vimekwisha. Mfalme akasadiki kwamba sanamu ni mungu aliye hai, kwa kuwa anakula. Danieli hakupiga kelele wala hakutukana. Aliomba majivu yanyunyizwe sakafuni, na mlango ukafungwa kwa muhuri wa mfalme. Kulipokucha muhuri ulikuwa mzima na meza tupu. Mfalme akashangilia, lakini Danieli akacheka, akamwomba atazame sakafu. Katika majivu kulikuwa na nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani walikuwa na mlango wa siri chini ya meza.

Angalieni: Danieli, mtu wa imani kuu kupita wote mjini, ndiye aliyetafuta nyayo. Imani ya kweli haiogopi kuchunguza. Eklezia Takatifu nayo yafanya hivyo. Huko Lourdes, nchi ya Ufaransa, ofisi ya waganga imewekwa tangu mwaka 1883 kuchunguza habari za wagonjwa wanaosema wameponywa. Wamesikiliza habari zaidi ya 7,000, na maaskofu wametangaza kuwa ni miujiza zaidi kidogo ya 70 tu. Hatukani miujiza ya Mungu, wala hatukani kwamba Shetani yuko. Lakini hatuwapi kazi ya ubao na kamba.

Pengine mtasema: Uingereza walicheka tu, ngano kidogo ikakanyagwa, basi. Ni kweli. Lakini katika vijiji vyetu, neno lililosemwa bila kutafuta nyayo halikanyagi ngano. Linamkanyaga mtu. Mara ngapi mahindi yamelazwa na upepo, au yameliwa na nguruwe wa porini, na mama mzee akafukuzwa kwake, akapigwa, nyumba yake ikachomwa? Nani atamrudishia miaka yake? Nani atawaambia wajukuu wake kwamba ilikuwa nguruwe?

Siku ya ubatizo wenu Padri atawauliza kama mnamkataa Shetani na kazi zake zote. Kazi yake ya kwanza ni nini? Bwana wetu alimwita baba wa uongo, na kitabu cha Ufunuo chamwita mshtaki wa ndugu zetu. Basi, yeye amshtakiye jirani bila ushuhuda hapigani na Shetani, hata akisema anamwinda mchawi. Anamfanyia Shetani kazi yake, wala hapati mshahara ila majuto. Na Amri ya Nane inamhukumu.

Hata kama adui yuko kweli, Bwana ametufundisha la kufanya. Kumbukeni mfano wa magugu. Adui alikuja usiku, watu wakiwa wamelala, akapanda magugu kati ya ngano. Watumishi walitaka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba alijua vema kwamba ni kazi ya adui, lakini aliwazuia, wasije wakang'oa ngano pamoja nayo. Ikiwa yeye mwenye kujua yote alizuia mikono yao, sisi tusiojua twapata wapi haraka yetu?

Tena kuna fundisho la mwisho katika habari ya wazee wale wawili. Bwana Bower alimficha hata mke wake. Usiku alitoka na motokari, na mke akaona kwa hesabu ya safari zake kwamba imekwenda mbali mno. Akaanza kumshuku kwamba ana mwanamke mwingine. Ndipo mume alipoona kwamba mchezo wake waweza kuvunja nyumba yake, akamweleza yote. Mzaha mdogo uliofichwa ulikuwa umefika kitandani mwake. Siri ya uongo haikai shambani. Hurudi nyumbani na mwenyewe. Iliyo dawa yake ni kusema kweli, na ndiyo maana Yezu ametuwekea Sakramenti ya Kitubio, ambayo ninyi mtaipokea baada ya ubatizo.

Kwa hiyo, wiki hii, kila mmoja ajiulize haya mbele ya Mungu:

Je, nimemtaja mtu kwa uovu ambao sikuuona kwa macho yangu?
Je, niliposikia jirani anashtakiwa, nilinyamaza kwa hofu?
Je, yuko mtu ninayepaswa kumwendea leo, nimwambie: mama, au ndugu, nilikukosea kwa ulimi wangu?

Likitokea jambo la ajabu shambani mwenu, nendeni kwanza mkatazame udongo. Mwiteni katekista, mwiteni mzee mwenye busara, tazameni nyayo, ulizeni habari za upepo na za wanyama. Msipoona kitu, semeni kwa unyofu: hatujui. Neno hilo si aibu kwa Mkristu. Kisha ombeni, inueni mimea iwezayo kuinuka, mkamsaidie mwenye shamba kwa chakula chenu. Hapo jirani atajua kwamba Mungu amepita katika shamba lake, kwa maana ataziona nyayo zenu.

Mungu Baba wa ukweli awalinde, Bikira Maria awaombee. Amina.