"Mungu Ndiye Ajuaye": Neno la Mwanzo au la Mwisho?

Maulamaa wetu wa kale walipotoa fatwa, walimalizia kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Walilisema neno hilo baada ya kukesha vitabuni. Sisi leo twalitanguliza: kijana akituuliza mkono wake huinukaje, twamjibu, "Mungu ndiye ajuaye," naye hunyamaza. Je, jibu hili ni uchamungu, au ni uvivu uliovaa kanzu?

Natuwatazame waliolishughulikia swali hilo. Wengi walidhani kuwa msuli hujikaza kwa sababu nyuzi zilizomo ndani yake hufupika. Mwaka 1954 Hugh Huxley na Jean Hanson, na mbali nao Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, walibainisha kuwa nyuzi hazifupiki, bali zile nyembamba huteleza kati ya zile nene. Kabla ya hapo Hugh Huxley alikwisha kupitisha eksirei katika msuli wa chura. Miali hiyo ikikuta vitu vilivyopangwa safu hutawanyika na kuacha alama, na kwa alama hizo hupimwa nafasi zilizo baina ya nyuzi. Lakini picha moja ilichukua saa nyingi, hali msuli hufanya kazi kwa kufumba na kufumbua.

Mwaka 1970, mjini Hamburg, Ujerumani, Kenneth Holmes, Gerd Rosenbaum na Jean Witz waliiendea sinkrotroni, mtambo uzungushao elektroni kwa kasi inayokaribia ya nuru. Elektroni zikipinda hutoa eksirei kali mno, ambayo wajenzi wa mitambo hiyo hapo awali waliihesabu kuwa hasara. Kwa miali hiyo wakaupiga picha msuli wa kurukia wa mdudu. Leo picha za namna hiyo huchukuliwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde, msuli ukiwa kazini. Wala wataalamu hawajamaliza: wangali wakijadiliana jinsi uzi mnene unavyoamshwa.

Wako wasemao kuwa huku ni kupekua siri za Mungu. Twasema sivyo. Qurani imetuhimiza kutazama yaliyomo nafsini mwetu; na atazamaye kwa haki hampunguzii Muumba chochote, hupunguza dhana zake mwenyewe tu.

Basi kijana akiuliza, tumpe tukijuacho, tumwelekeze akasome zaidi. Kisha, tukiisha kufika ukomo wa juhudi zetu, ndipo tuseme kwa adabu: Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.