Aliyeachiwa Mabegi

"Mabegi 19, mwalimu. Chupa za maji 7, moja haina kifuniko. Hakuna aliyekuja."

Aliyasema hayo amesimama wima, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimegusa ukingo wa kofia iliyokizidi kichwa chake. Alikuwa na miaka 8, mdogo kuliko wote katika kikosi chetu cha skauti, na wenziwe walikwisha kumpa jina la Kitindamimba. Wao walikuwa wametoka bondeni wakati ule, wamelowa, wanasukumana, nguo zinadondosha maji ya maporomoko ya Sheldrick. Yeye alikuwa amekaa zaidi ya saa mbili chini ya mti, pamoja na dereva wa matatu tuliyoikodi kutoka Likoni. Dereva alilala. Mtoto hakulala.

Niliyemwacha pale ni mimi. Sababu nilikuwa nayo, tena ya maana: kuteremka hadi kwenye maji pale Shimba Hills ni mwendo wa kama kilomita 2, kurudi ni kupanda na jua liko utosini, na njia ile haipitwi bila askari wa wanyamapori, kwa kuwa ndovu na nyati nao wanaitumia. Niliitazama miguu ya yule mtoto, nikautazama mteremko, nikaamua. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linanitafuna. Badala ya kumwambia ukweli kwamba namhofia, nilimwambia nimemkabidhi kazi kubwa, ya kulinda mali ya kikosi. Akaniamini. Akahesabu hadi vifuniko vya chupa.

Alipomaliza ripoti yake aliniuliza, bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizia ratiba ya feri: "Safari ijayo atalinda nani?"

Nilikohoa. Aliyenijibia ni msichana mmoja wa Mwamba, kundi la skauti wakubwa, kidato cha tatu, mwerevu na mchapakazi. "Mwalimu, hata sisi tulilinda. Mimi nimelinda mara tatu." Wenzake wakaitikia. Hakuwa anamkejeli mtoto. Alikuwa anatetea haki kwa namna anavyoijua: zamu yangu ilikuwa chungu, basi na yake iwe chungu, ndipo tutakuwa sawa. Niliusikia usawa huo miaka 30 nyuma, nikiwa na umri wa Kitindamimba. Nilikuwa nimewahi sala ya Ijumaa nikakaa safu ya kwanza, kanzu imepigwa pasi, mzee mmoja akanishika bega akaniondoa, akakaa yeye. Sikuumia kwa kupelekwa nyuma. Niliumia kwa sababu hakuniangalia usoni. Baadaye nikiwa mkubwa nilijifunza kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwinua mwenziwe mahali alipoketi ili akae yeye, na hadi sasa kila nikiingia msikitini huwatazama wazee wa safu ya mbele nikajiuliza ni nani kati yao aliyewahi kuinuliwa akiwa mtoto, ndipo naye akainua.

Jibu langu la kwanza kwa swali la Kitindamimba lilikuwa jibu la mwalimu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote nimeupenda ujanja wa methali hii, maana wengi huisikia kama kumchoka mgeni, na mimi huisikia kama kumkaribisha: aliyepewa jembe si mgeni tena. Basi nikampa jembe. Nikamkabidhi kamba za kikosi, azikunje, azihesabu, aseme ipi imeanza kuchakaa. Nikamfundisha fundo la kuunganisha kamba mbili, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, na vidole vyake vidogo vikawa vinalifungua fundo lililokaza ambalo vidole vyetu vilishindwa. Akanawiri. Mama yake akaniambia anaamka Jumamosi kabla ya adhana.

Ningeridhika hapo kama nisingekuwa mtu wa kusomasoma. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, yule aliyefariki Januari 1941 akazikwa Nyeri, alipata sehemu ya fikra yake katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa vitani tangu 1899 hadi 1900. Wanaume wa kupigana walikuwa wachache, basi wavulana wakavishwa sare wakapeleka barua na ujumbe, wakajifunza kujitegemea, wakasifiwa. Walijiona ni watu kamili. Na walijiona hivyo wakipita penye makombora. Tangu nilipoitia akilini habari hiyo, neno "mpe mtoto kazi ajisikie ni mmoja wetu" halinitoki kinywani kwa urahisi. Mtoto atafanya chochote ili asiachwe. Ukimfundisha kwamba nafasi yake kikosini ni malipo ya faida anayoleta, umempa mkubwa yeyote anayekuja baada yako kamba ya kumvutia. Na siku akiwa na homa, siku kamba zikiwa hazihitajiki, yeye ni nani?

Mwenzangu tunayeongoza naye kikosi ni Mkristo, na maneno yake huwa mafupi. Nilimweleza haya tukiwa tunakunja mahema. Akasema, "Yesu alipomsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake hakumpa kazi. Alimsimamisha tu." Akaendelea kukunja.

Kisa kilichonijia mimi ni cha sira, nilichokisikia madrasa bila kukitilia maanani. Mwaka wa 9 wa Hijra ujumbe wa kabila la Thaqif ulitoka Taif ukafika Madina. Husimuliwa kwamba kila siku walipokwenda kwa Mtume walimwacha Uthman bin Abil-As kwenye mizigo yao, kwa sababu yeye ndiye mdogo wao. Ndiyo, kwenye mizigo. Nilipokumbuka nilisimama ghafla, na nilikuwa kwenye foleni ya feri, nikasukumwa. Wakubwa waliporudi adhuhuri wakalala kwa joto, kijana huyu aliinuka akaenda peke yake kuuliza mambo ya dini na kujifunza Qurani. Na walipokuwa wanarejea kwao, aliyewekwa kuwaongoza ni huyo mlinzi wa mizigo.

Kuna njia nyepesi ya kukisoma kisa hiki, na ninajua ni wangapi wataisoma hivyo: linda mabegi kwa subira, utalipwa. Msichana wangu wa Mwamba angeipenda. Lakini Uthman hakuinuliwa kwa kulinda mizigo. Aliinuliwa kwa sababu aliiacha, akaenda mahali ambapo wakubwa wake hawakufikiri kumpeleka. Kitindamimba wetu hangeweza. Angeinuka aende wapi, bondeni kwa nyati?

Kinachonishika zaidi ni agizo alilopewa Uthman alipoomba awe imamu wa watu wake. Alikubaliwa, kisha akaambiwa amfuate aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwao, na achukue mwadhini asiyedai ujira (sharti hili la pili sisi viongozi wa skauti tunalitimiza kila wiki bila kuombwa). Tulitazame vizuri hilo la kwanza. Imamu yuko mbele, amewapa watu mgongo. Wote wanamfuata yeye. Naye anaambiwa amfuate mtu wa nyuma asiyemwona, mzee wa magoti au mtoto anayepepesuka kwa usingizi, arukuu na kuinuka kwa kipimo cha huyo. Anayeambiwa hivyo ni mtu ambaye juzi tu alikuwa wa nyuma kabisa. Naona kana kwamba aliulizwa: unakumbuka jinsi ilivyo huko?

Hata hapo, bado naweza kumfuata mdogo kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomwacha chini ya mti. Ndiyo maana ninakiweka kando yake kisa cha pili. Mtume aliletewa kinywaji. Kuliani kwake ameketi mvulana mdogo, ambaye wengi wanasema ni Ibn Abbas, na kushotoni wameketi wazee. Ada ni kikombe kwenda kulia. Alimwomba mvulana ruhusa awatangulize wazee. Mvulana akakataa, akaapa kwamba fungu lake kutoka kwa Mtume hampi mtu. Kikombe kikatiwa mkononi mwake.

Watu husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba Mtume aliwapenda watoto. Mimi naona jambo kavu zaidi, karibu la kisheria. Yule mvulana hakuwa amefanya kazi yoyote. Hakukunja kamba. Alikuwa amekaa kulia, basi, na kukaa kule kulikuwa haki inayotosha kuwasubirisha wazee. Na swali aliloulizwa lilikuwa swali la kweli, maana jibu la "hapana" lilipokuja lilisimama. Mimi shuleni nimeuliza maelfu ya maswali ya upole ambayo yalikuwa na jibu moja tu. Mtoto hulijua jibu hilo kabla sijafunga mdomo. Na wale wazee wa kushoto, hakuna anayewataja tena, lakini mimi huwafikiria: walikuwa na kiu, wakanyamaza. Mkubwa jalala, tunasema, kila taka hutupwa kwake. Kumbe kuna jalala la heshima namna ile.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Siku ya kwanza Kitindamimba alipojiunga nasi nilimnyooshea mkono wa kushoto, ndio salamu ya skauti duniani kote, akauficha wake mgongoni. Mama yake amemfunza kwamba mkono huo haumpi mtu. Kwetu pwani mama yake ana haki. Nikamweleza kwamba hii ni alama ya chama tu, akafikiri, akautoa, akasema, "Lakini nyumbani hapana." Nilicheka siku ile. Sikung'amua kwamba tayari alikuwa amenionyesha kuwa anaweza kuulizwa, na anaweza kuweka masharti, miezi miwili kabla sijamwamulia bila kumwuliza.

Na jambo jingine, la jina. Ndugu wadogo wa skauti wa Uingereza walipong'ang'ania kujiunga, Baden-Powell aliwatungia mpango wao mwaka 1916 akawaita watoto wa mbwamwitu, kwa kuazima hadithi za msituni za Kipling. Sisi Kenya walio na miaka 6 hadi 11 hivi tunawaita Sungura, kisha wanakuwa Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri. Sijui kama waliochagua waliwaza ninayoyawaza. Mtoto wa mbwamwitu ni mbwamwitu ambaye hajawa. Thamani yake iko mbele, atakapoota meno. Sungura wa ngano zetu haoti kuwa simba. Ni mdogo mwanzo wa hadithi na ni mdogo mwisho wake, na amekamilika vivyo hivyo, akimpiga chenga fisi. Mtoto wa miaka 8 si nusu ya wa miaka 16. Lakini mpangilio mzima wa beji na vyeo unatwambia kila Jumamosi kwamba ni nusu, na Chipukizi ni jina zuri ila nalo linatazama mbele tu.

Tulirudi Shimba Hills miezi mitano baadaye. Safari hii tulianza kuteremka saa 1 na nusu asubuhi, kabla jua halijachemka, mabegi tukayafungia ndani ya matatu, dereva akalala humo humo, na Kitindamimba tukamweka mbele ya msafara. Gharama ilikuwepo, sitaificha. Mwendo ulipungua, maana yake muda wa majini ulipungua kwa karibu nusu saa, na wale wakubwa walikuwa wameungojea muhula mzima. Msichana wa Mwamba aliniomba, kwa adabu, kwamba wao watangulie na nusu ya kikosi, mwenzangu aende nao, mimi nibaki na wadogo. Lakini askari alikuwa mmoja, na kikosi hakikatwi vipande mbele ya ndovu. Kilichowezekana ni kuuliza kama wakubwa washike mbele, mwendo uwe wao, na wadogo wajikaze.

Nikamgeukia Kitindamimba. Nilihakikisha nimechuchumaa, macho yangu sawa na yake. "Wenzako wanataka tuende kwa mwendo wao. Wewe ndiye uko mbele sasa. Unawapa nafasi?"

Nakiri nilitarajia aseme ndiyo. Nilikwisha kuandaa hata sifa za kummiminia kwa ukarimu wake.

Aliutazama mteremko. Akawatazama wakubwa mmoja mmoja, akamaliza kwa yule msichana, ambaye alimkodolea macho kisha akayashusha. "Hapana," akasema. Kisha akaona kamba ya kiatu chake cha kushoto imelegea. Akakaa chini katikati ya njia, akaifungua yote, akaanza kuifunga upya. Fundo la kwanza halikumpendeza. Akalifungua. Askari akaegemea mti, akaweka kitako cha bunduki chini. Nyuma yangu watu 18 walikuwa wamesimama, na hakuna aliyepita.