Ilhamu na uvuvio: nani atajibu?

Hapa Kasongo, mji wa Waungwana mpaka 1893, tuko na maneno mawili. Waislamu wanasema ilhamu. Wahyi wanauachia manabii peke yao. Wakristo wanasema uvuvio, toka kuvuvia, ni kusema kupuliza moto.

Sasa, mtu akiamka asubuhi na kusema, "Nimefunuliwa, yule mama ni mlozi," nani atajibu juu ya neno hilo? Sisi tunaona ni yeye mwenyewe. Ilhamu si wahyi: kwa wanazuoni wengi haifungi wengine. Na pumzi haiwashi moto bila kuni. Kuni ni moyo wetu, pamoja na chuki yake. Tuwafundishe watoto: pumzi inaweza kutoka juu, lakini ulimi ni wako.