Deni Letu kwa Mbwa Mgonjwa

Wapo watakaocheka wakisoma kichwa cha maneno haya. Watasema: Katika Mbulu na Hanang, ambako mgonjwa huweza kusafiri nusu siku ili aifikie hospitali, yafaa nini kujadili tiba ya mbwa? Wacheke, kisha wasome. Maana swali dogo likitazamwa vema huweza kufunua jambo kubwa, nalo ni hili: mtu awiwa nini na kiumbe kilichomtumikia, ambacho hakina kinywa cha kudai ujira wake?

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba katika boma moja upande wa Dongobesh yupo mbwa aliyelinda mbuzi na ndama kwa miaka minane. Fisi walipokaribia usiku, yeye hakulala. Sasa ana uvimbe utokao damu, amekonda, na makombo yake huyaacha sahanini. Baba mwenye boma asema, "Mbwa ni mbwa. Apigwe rungu, tutafute mwingine." Kijana wake, aliye na kazi Arusha, amesoma katika simu yake kwamba huko Marekani mbwa wenye saratani hutibiwa kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili na kwa vyakula maalumu. Naye ajibu, "Baba, nitakopa fedha, lakini mbwa huyu hafi."

Ni nani mwenye haki kati yao? Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea, tena wamekosea kwa njia moja. Baba ametazama dharau yake, na kijana ametazama huzuni yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbwa augua ugonjwa gani, wala aumia kiasi gani.

Kwanza yatupasa tukubali kwamba deni lipo. Tumezoea kusema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini kama punda na mbwa wangalikuwa na methali zao, huenda wangalisema hivyo juu yetu. Mbwa hulinda bila mkataba. Wala si mbwa wa bomani tu aliyetutendea mema. Mwaka 1876 daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alifaulu kuhamisha uvimbe wa saratani kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na kwa jaribio lile elimu ya saratani ikapiga hatua mpya. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, Frederick Banting na Charles Best waligundua insulini kwa kujaribu juu ya mbwa. Na mtoto mwenye kisukari apigwaye sindano leo katika hospitali yoyote ya nchi yetu anaishi kwa sababu mbwa wale waliteseka. Asemaye kwamba hatuwiwi na mbwa neno lolote, basi hajahesabu vizuri.

Hata hivyo, kila deni lina kipimo chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha mambo mawili kwa pamoja: ya kwamba kumtesa mnyama au kumwua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu, na ya kwamba haifai kumtumilia mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu taabu. Wengi hushika fundisho moja na kulisahau la pili. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Mtu ambaye jirani yake amekosa paa, naye akapeleka ng'ambo akiba ya nyumba yake yote kwa ajili ya mbwa, ameupotosha utaratibu wa mapendo. Lakini asimdanganye mtu nafsi yake: mara nyingi fedha anayomnyima mbwa haimfikii jirani vilevile, bali huishia kilabuni.

Basi tuitazame dawa ile aliyoisoma kijana. Ni kweli kwamba elimu ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani imeendelea sana. Mwaka 2018 wataalamu James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo katika tiba ya wanadamu. Kwa mbwa iko chanjo iitwayo Oncept, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2010. Hiyo haizuii saratani. Hutolewa kwa mbwa aliyekwisha kuugua melanoma ya kinywa, yaani saratani ya chembe zile zinazotia ngozi rangi nyeusi. Hutolewa mara nne, kila baada ya majuma mawili, kisha kila miezi sita. Yataka kutunzwa penye baridi na kutolewa na mtaalamu, na gharama yake hufikia maelfu ya dola. Tena majaribio ya kwanza yaliyoisifu yaliwalinganisha mbwa waliochanjwa na mbwa waliotibiwa zamani, na uchunguzi uliofuata haukukubaliana juu ya faida yake. Kwa hiyo kijana angekopa fedha kununua dawa ya ugonjwa mmoja, kwa mbwa ambaye pengine augua ugonjwa mwingine.

Na huo mwingine waweza kuwa upi? Katika nchi ambazo mbwa hutembea huru, Tanzania ikiwamo, uko uvimbe wa ajabu uambukizwao kwa kujamiiana. Huota kwenye sehemu za uzazi, mara nyingine puani au kinywani kwa sababu mbwa hunusana na kulambana, nao huonekana kama ua la koliflawa likitoka damu. Ajabu yake ni hii: kinachoambukiza si kijidudu, bali ni chembe zenyewe za saratani. Zinahama kutoka mbwa hadi mbwa, nazo zote ni uzao wa mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita.

Ugonjwa huu wa kutisha una dawa. Mara nyingine kinga ya mwili wa mbwa huamka yenyewe, ikazitambua chembe zile kuwa ni ngeni, na uvimbe ukanywea bila dawa yoyote. Mbwa asipobahatika hivyo, sindano ya vinkristini, itiwayo katika mshipa mara moja kwa juma, kwa majuma manne hadi sita au zaidi kidogo, huwaponya walio wengi sana. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa huyu ufuko uko karibu naye. Kilichokosekana ni mtu wa kumwelekeza. Kama baba angalimpiga rungu, angalimwua mgonjwa awezaye kupona.

Hapa lakini pana jambo la dhamiri. Vinkristini hutokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe, ambao watu wengi huupanda bustanini kwa uzuri wake. Dawa hiyohiyo huwaponya watoto wenye saratani ya damu, na wale wenye saratani ya taya ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Basi asiende mtu kuomba kwa mlango wa nyuma chupa iliyowekewa watoto hospitalini. Daktari wa mifugo na aipate kwa njia ya haki. Kipimo cha mbwa ni kidogo, wala hakimnyang'anyi mtoto haki yake kikinunuliwa kihalali. Tena mtu asijaribu kujipigia sindano hii nyumbani. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na mkojo wa mbwa aliyetibiwa si kitu cha kuchezewa na watoto kwa siku kadhaa.

Yabaki neno la chakula. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba chembe za saratani hutumia sukari nyingi kupita kawaida. Kutokana na hilo watu wamekisia kwamba mbwa akinyimwa ugali, saratani itakufa njaa. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ini la mbwa hutengeneza sukari lenyewe hata asipokula punje ya mahindi. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2000, la mbwa 32 wenye saratani ya mitoki, liliongeza mafuta ya samaki na kirutubisho kiitwacho arjinini katika chakula chao. Baadhi yao walikaa muda mrefu zaidi kabla ya ugonjwa kurudi. Lakini wote walikuwa wakipewa dawa pia. Chakula kilikuwa msaidizi wa dawa, hakikuwa mganga.

Wala tusidharau msaidizi. Mbwa mgonjwa akonda kwa kuwa ugonjwa wamla na makombo hayamtoshi. Ugali laini uliochanganywa na dagaa wasio na chumvi, yai lililochemshwa, au matumbo yaliyopikwa yakaiva, pamoja na maji safi, ni heshima ambayo karibu kila nyumba yaweza kumpa. Asipewe vitunguu wala vitunguu saumu, hata kama jirani amesema ni dawa, maana huharibu damu ya mbwa. Wala asitupiwe mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji wakati wa kuchinja; kwa njia hiyo mbwa hupata tegu ambalo mayai yake humwingia mwanadamu na kumfanyia uvimbe ndani ya ini lake. Anayemlisha mbwa vizuri awalinda na watoto wake.

Tena si kila mbwa aliyeacha kula ana saratani. Mbwa anayetokwa na udenda, aliyebadilika tabia, au ashindwaye kumeza, aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtu asitie mkono kinywani mwake akitafuta uvimbe. Na amwite afisa mifugo. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu karibu kila mara ni mauti, nao wazuilika kwa chanjo. Wataalamu wasema kwamba kijiji kikichanja mbwa 70 katika kila 100, maambukizo hukatika. Twamwambia kijana wa Arusha: kabla ya kutamani chanjo ya ng'ambo kwa mbwa mmoja, uliza kama mbwa wa kijiji chako wamechanjwa. Hiyo pia ni kuamsha kinga ya mwili, tena ni ile iokoayo mbwa na watoto kwa pamoja.

Lakini itakuwaje daktari akisema kwamba saratani ya mbwa huyu haina dawa, au dawa yake haiwezi kupatikana katika nchi yetu? Hapo ndipo deni letu laonekana wazi kuliko penginepo. Mwanadamu mgonjwa tunamwuguza mpaka Mungu amwite, maana maisha yake si mali yetu. Mnyama hana hukumu ya kungojea, wala hawezi kuyapa maumivu yake maana yoyote. Yeye huumia tu. Kumwacha aoze akiwa hai kwa sababu hatutaki kulia ni ukatili uliovaa nguo za mapendo. Na kumpiga rungu, au kumtilia sumu katika nyama akagaagaa usiku kucha, ni ukatili usiovaa nguo yoyote. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo yakataza kumtesa mnyama. Daktari wa mifugo aweza kumpa mbwa dawa ya kumaliza maisha yake kwa utulivu, akilala tu. Nauli ya kumleta daktari huyo yaweza kuwa fedha ya mwisho tunayomlipa mlinzi wetu, nayo haimdhulumu mtu.

Kutokana na hayo yote twaweza kutoa kanuni fupi. Kwanza, ujue ugonjwa kabla ya kuhukumu au kukopa. Pili, ugonjwa ukiwa waponyeka kwa gharama ambayo nyumba yaweza kuibeba bila kumtoa mtoto shuleni wala mgonjwa hospitalini, mtibu. Hiyo si anasa, ni haki. Tatu, usipoweza kuponya, punguza maumivu. Nne, usipoweza kupunguza maumivu, yakomeshe kwa mkono wa huruma. Na katika kila hatua kipimo kiwe maumivu ya mnyama, wala si ukubwa wa huzuni yetu, wala si ukubwa wa dharau yetu.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mawazo ya watu wenye nafasi. Sivyo. Tajiri hulipa deni lake kwa fedha, asijue kama ameguswa moyo au la. Maskini hulipa kwa kutazama, kwa kuuliza, kwa kutembea kilomita kadhaa kumfuata afisa mifugo, kwa kukoroga ugali laini. Malipo hayo hayauzwi ng'ambo. Na watoto wa boma, wanaosimama kando wakiangalia jinsi baba yao anavyomtendea mbwa mzee asiye na faida tena, wanajifunza pale, bila kufundishwa, jinsi watakavyomtendea baba yao atakapozeeka.