Amana ya Nyumba ya Kupanga

Katika mji wa Kalemie, ambako mabati hushika moto tangu saa nne ya asubuhi, mpangaji ambaye mashine ya kupoza hewa aliyoikuta nyumbani imeharibika huuliza: ni wajibu wa nani kuibadilisha? Wanazuoni wa fikihi wametufundisha ya kuwa ijara, yaani ukodishaji, ni kuuza manufaa, wala si kuuza nyumba. Basi mwenye nyumba apokeaye kodi kamili, hali manufaa yamepungua, amepokea thamani ya kitu asichokitoa. Mpangaji naye, kwa kuwa nyumba ni amana mikononi mwake, na asafishe vichujio vya vumbi, wala asiharibu kwa uzembe. Nami naamini ya kuwa dhima hii ya mwenye nyumba haifutwi na mkataba ulionyamaza, maana insafu ilitutangulia kabla ya karatasi.