Oro Si Wakati wa Kulala

Masomo: Mithali 20:4, 2 Wafalme 3:9–20, Mithali 15:25, Zaburi 126:5–6



Tuanze na Mithali ishirini, mstari wa nne. Fungua Biblia yako, usiniangalie mimi. Sulemani anatuonyesha mtu mvivu aliyekataa kulima kwa sababu ya baridi. Mavuno yakafika, jamaa akaanza kuzunguka akiomba, na hakupata kitu. Najua tayari kuna mtu anasema moyoni, "Pasta, hilo neno si letu. Tangu lini Kisumu kukawa na baridi? Hapa tunalala madirisha wazi na bado tunatoka jasho."

Wacha nikuambie. Kule Israeli mvua ya kwanza hunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba. Ndipo wanalima na kupanda, katikati ya baridi, halafu shayiri inavunwa karibu na Pasaka. Kwa hivyo baridi kwao ni ule msimu ambao shamba liko tupu, hakuna kitu cha kuonyesha mgeni, na mwili unataka kukaa ndani karibu na moto. Sisi msimu wetu wa namna hiyo ni oro. Desemba, Januari, Februari. Wao baridi inawafukuza shambani, sisi jua ndilo linatufukuza. Shamba tupu ni lile lile na uvivu ni ule ule. Mahali umeona baridi hapo, weka jua la Januari, kisha usome tena. Mko pamoja nami?

Mimi nimelelewa Kano, upande wa Ahero. Mtu wa mjini akipita kwa matatu mwezi wa Januari, anaona mabua makavu, vumbi, mbuzi wawili chini ya mti, anasema hawa watu hawana kazi. Hajui! Oro ndio kulikuwa na kazi kwetu kushinda wakati wa kuvuna. Ng'ombe wanaamshwa mapema kupelekwa mtoni kabla jua halijapanda, na mto wenyewe umerudi nyuma, kwa hivyo mwendo ni mrefu na kurudi ni polepole. Mabua yanakusanywa yawe chakula chao. Samadi inatolewa zizini kwa karai na kumwagwa shambani. Nyasi za kuezeka zinakatwa sasa, kwa sababu ukingoja mvua, mvua itakuonyesha ile tundu ya paa saa nane usiku. Ukuta unakandikwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Ua wa ojuok unapunguzwa. Dero inafagiliwa, inachunguzwa miguu kama mchwa umeingia. Plau inapelekwa kwa fundi. Na dani yangu alikuwa anachagua yale mahindi mazuri, yenye mistari iliyonyooka, anayafunga pamoja kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Hayo hayakuguswa. Hata siku tuliyokunywa nyuka tupu, bila sukari na bila kitu cha kushikia, hayo yalikuwa yanatuangalia tu kutoka juu.

Hakuna mtu anapigiwa makofi kwa kazi ya oro. Umewahi kusikia mtu akitoa ushuhuda kanisani ati, "Namshukuru Mungu, jana nilibeba samadi"? Ushuhuda tunatoa Julai na Agosti, tukiwa na gunia. Lakini gunia la Agosti lilianza na karai la Januari.

Ukienda 2 Wafalme, mlango wa tatu, utakuta wafalme watatu na jeshi lao wametembea siku saba, hawana maji, wala wao wala wanyama wao. Hiyo ni oro kamili. Wanashuka kwenda kwa Elisha. Na Elisha hakuwapa maji. Aliwapa kazi! Aliwaambia bonde lijazwe mahandaki. Akaongeza kwamba hawataona upepo, hawataona mvua, na bado bonde litajaa. Hebu fikiria wewe ndiye askari. Una kiu ya wiki nzima, halafu mtumishi wa Mungu anakupa jembe.

Asubuhi maji yakaja kwa njia ya Edomu. Mhubiri wa mahali pengine anaweza kuhangaika kueleza hapo, lakini mtu wa Kano haelezwi. Sisi tunajua maji yasiyokuja na mvua yetu. Mbingu ya Ahero ni safi, hakuna hata wingu, kumbe imenyesha juu kule kwenye milima ya Nandi na Kericho, na Nyando inashuka nayo. Aliyechimba mtaro wake mwezi wa Januari, maji yanapita mahali alipoyatengenezea njia. Ambaye hakuchimba, ni yale yale maji, mto ule ule, lakini yanamkuta kitandani. Baraka na mafuriko vinaweza kushuka kwa mto mmoja. Na udongo wetu mweusi mnaujua: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi, siku zake za kulimika ni chache. Haukungoji umalize kulalamika.

Sasa ni nini kinatuzuia? Wengine ni uvivu, na Sulemani ameshawamaliza, sitaongeza. Wengine wanangoja simu ya kijana aliye Nairobi atume pesa ya plau. Kijana mwenyewe anangoja mshahara. Wengine wanasikiliza redio asubuhi na jioni kujua watu wa hali ya hewa wamesema nini kuhusu Machi. Sikiliza redio, ni vizuri, ile ni elimu. Lakini Mhubiri 11:4 inasema juu ya mtu anayeangalia upepo mpaka hapandi. Utabiri unakuambia mvua itakuja lini. Haukulimii.

Hayo ni madogo. Kuna baridi nyingine hapa katikati yetu, na ndiyo imenifanya nihubiri neno hili leo. Inaitwa woga.

Mnajua kayongo. Ile maua yake ya zambarau ni mazuri hata ungetaka kuyaweka mezani. Lakini ukiona ua, ujue imechelewa. Kayongo imeshikilia mzizi wa mahindi chini ya ardhi zamani, imenyonya, mahindi yamekuwa ya manjano na wewe unadhani ni jua. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja. Woga ni hivyo. Unafanya kazi chini, mahali hakuna mtu anaona, halafu sisi tukipita barabarani tunasema, "Huyu mama ni mvivu, angalia shamba lake."

Kuna mama mmoja wa kanisa hili, na amenikubalia niseme bila kumtaja. Mume wake alilala mwaka juzi. Ana ekari moja na nusu, ana watoto wanne. Chwiri iliyopita ilikuja, ikanyesha vizuri, ikaenda. Shamba lake likaota nyasi. Watoto wake wamekula mahindi ya kununua kwa gorogoro mwaka mzima, na yeye anafua nguo za watu kupata pesa ya hiyo gorogoro. Si kwamba hana nguvu. Aliambiwa hawezi kuingiza jembe shambani mpaka kuwe na mwanaume wa kuanza kazi, yaani mpaka arithiwe. Akianza peke yake, ni chira. Watoto wataanza kukonda mmoja mmoja.

Wapendwa, hapa nitaongea polepole. Mimi siwadharau wazee wetu. Golo kodhi ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye boma anatoa mbegu kwanza, wana wanafuata, kila mtu anajua zamu yake, na hakuna mtoto anamkimbilia baba yake mbele. Heshima si dhambi. Lakini utaratibu uliowekwa watu wapande ukigeuka kuwa ndio unaozuia watu kupanda, lazima tuulize ni nani anakula hapo. Na tunajua tero imetufanyia nini kandokando ya ziwa hili. Ukimwi umeingia boma nyingi kupitia mlango huo huo, na watu tukawazika tukisema ni chira, na dawa ilikuwa hospitalini. Watoto wa huyu mama kweli wamekonda. Wamekonda kwa sababu shamba halikulimwa!

Neno linasema nini? Wagalatia 3:13: Kristo alishabeba laana yote pale msalabani, kwa hivyo hakuna ya kubaki ikimngoja mjane kwenye mpaka wa shamba. Halafu fungua Mithali 15:25. Mstari huu tunaupita kila siku. Nyumba ya mwenye kiburi Bwana anaing'oa, lakini mpaka wa mjane anausimamisha Yeye mwenyewe. Mpaka! Yaani ule mstari wa shamba, ile miti ya ojuok unayoijua. Mungu wa mbinguni, aliyeumba ziwa hili lote, anahesabu miti ya ua wa mama mjane. Ukiusogeza usiku, hujagombana na shemeji yako peke yake.

Na serikali pia imesema. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inakataa ubaguzi wa kijinsia katika mila na desturi za ardhi. Kwa hivyo mama akienda kwa chifu, haendi kuomba huruma. Lakini nawasihi, tusianze kwa chifu. Wiki mbili zilizopita mimi na wazee wawili wa kanisa tulienda kumwona ndugu mkubwa wa marehemu. Tulikaribishwa, tukanywa chai, tukaongea mambo ya ng'ombe kwanza kama watu wazima. Tukaeleza. Mzee alinyamaza muda mrefu. Hakukubali, hakukataa. Akasema, "Mkilima, limeni. Likitokea jambo, msiniite." Mimi kwangu hilo ni mlango. Tulimshukuru, tukaomba pamoja naye, na akasema amina. Vijana, mkienda huko msiende na nyimbo za kumwimbia mafumbo. Yule ni baba yao watoto kwa upande wa damu, na watoto bado watamhitaji.

Namalizia na mbegu, kwa sababu hapo pia kuna jambo. Zaburi 126 inasema habari ya mtu anayetoka kwenda kupanda huku analia. Nilikuwa najiuliza, kwa nini mtu alie akipanda? Kupanda si ni raha? Halafu nikamkumbuka dani na yale mahindi juu ya meko. Analia kwa sababu mbegu aliyobeba ni chakula. Nyumbani kuna mtoto ana njaa leo, na yeye ametoa kitu kinachoweza kupikwa akakizika kwenye udongo. Mtu kama huyo si mchezo mbele za Mungu.

Sasa Januari imekuja, shule zimefunguliwa, karo inadaiwa, na najua mko na majaribu ya kuuza ng'ombe wa kulima, au kuteremsha yale mahindi ya mbegu na kuyapika nyoyo. Kabla hujafanya hivyo, njoo tuongee. Vikundi vya kina mama viko, wazee wa kanisa wako, na ni afadhali udaiwe na ndugu yako kuliko udaiwe na Aprili. Na lingine, wengine watanikasirikia: kuna watu wanasikia mahubiri kwenye simu, wanaambiwa wapande mbegu ya imani kwa kutuma pesa, wanauza mbegu ya kweli ndio watume. Katika kanisa hili sitapokea mahindi yako ya mbegu madhabahuni. Ukiyaleta nitakurudishia mbele ya watu wote. Yapande, uvune, ule na watoto, halafu malimbuko ulete tukicheza. Nasikia amina ndogo sana upande wa kulia.

Kwa hivyo Jumamosi hii hatutakuwa na mafundisho ya asubuhi. Kesha ya Ijumaa itakwisha saa nne usiku, mtu alale. Saa kumi na mbili kamili asubuhi tukutane kwa yule mama, wazee wa nyumba kwa nyumba watawaonyesha njia. Yeye mwenyewe ndiye atakayeingiza jembe la kwanza, ameshakubali, na mama mchungaji atasimama kando yake. Tutaomba, kwa ufupi, jua halingoji. Jozi moja ya ng'ombe tumepata. Aliye na jozi ya pili amwone mzee wa kanisa baada ya ibada, na aje na nira yake. Wasioweza plau waje na jembe na karai, kuna samadi ya kutoa na mtaro wa upande wa chini wa kuchimba kabla Machi. Tukimaliza mapema tutaingia kwa dani aliye nyuma ya shule, paa lake linavuja, nyasi zimeshakatwa. Kina mama wataleta nyuka na nyoyo. Maji ya kunywa kila mtu abebe yake, kisima cha karibu kimekauka.