Sala ya Mwenye Maradhi Yaendayo na Kurudi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, jueni ya kwamba yako maradhi yawapatayo watu waliopita miaka 50, na aghalabu waliofika 70, ambayo matabibu huyaita polimialjia rumatika. Wengi wetu huyadhani ni baridi yabisi ya uzee. Mtu huamka alfajiri mabega na nyonga zimekakamaa: mkono haufiki kichwani kufunga kilemba, na akisujudu, kuinuka humshinda. Jua likipanda, viungo hulegea akatembea. Jirani amwonaye sokoni husema, "Huyu mzima, mbona asubuhi alisali ameketi?"

Neno hilo ni dhuluma. Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kuketi, asipoweza, kwa ubavu. Ruhusa hii hupimwa kwa uwezo wa mtu katika kila sala. Basi mgonjwa huyu aweza kusali Alfajiri ameketi na Adhuhuri amesimama, na zote mbili ni taa. Kuinua mikono katika takbiri ni sunna. Asiyeweza, sala yake ni sahihi. Walakini aliyepata nguvu, kisha akabaki ameketi katika faradhi kwa mazoea, huyo ameacha nguzo.

Na dawa ni vivyo hivyo. Tabibu hutoa predinisoloni, na mara nyingi maumivu hupoa kwa siku chache. Kisha kipimo hupunguzwa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au miwili, na pengine zaidi. Mwenye kuiacha ghafla kwa kuona nafuu amejitia hatarini. Na hata mwenye kufuata masharti huenda maradhi yakamrudia, kipimo kikapandishwa tena. Kurudi huko si laana wala si dalili ya imani haba. Ayubu alikuwa Nabii, na aliugua.

Lakini kichwa kikiuma kwa namna mpya, taya likiuma kwa kutafuna, au jicho likififia, usingoje kesho. Nenda hospitali saa ile ile, maana huenda mishipa ya damu ya kichwani imevimba, na upofu waweza kufuata.

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu. Utupe subira katika maradhi na shukrani katika afya. Amin.